Kumi Hadi Moja: Kupanga Upauzana wa Tovuti Ukiwa Marambo

Fungua programu unayotengenezea tovuti, iwe WordPress, Dreamweaver, au ile FrontPage ya zamani ambayo bado ipo kwenye kompyuta ya steshenari fulani mjini. Tazama sehemu ya juu. Vitufe, vitufe, vitufe! Ukurasa wenyewe umesukumwa chini, umebakiza nafasi ya mistari michache, na wewe hata herufi ya kwanza hujaandika.

Wazee wa Nachingwea wanaijua hatari ya zana kuitangulia kazi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Mitambo ilishushwa kwa wingi, hata vifaru vya vita vya Sherman vikageuzwa matrekta, kabla watu hawajaielewa vizuri ardhi watakayoilima. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Ilijengwa hata reli ya kutoka Mtwara, nayo baadaye ikang'olewa. Karanga zilizotarajiwa hazikuonekana.

Kwa hiyo vijana wa Marambo, wa Nachingwea na wa Ruangwa, mnaokabidhiwa ukurasa wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), wa shule, wa kituo cha afya au wa timu ya kata kwa sababu tu "wewe si ndiye unayejua kompyuta", sikilizeni. Upauzana wenu, yaani hizo safu za vitufe, upangwe kufuata kazi mnayoifanya kila wiki na simu iliyo mkononi mwa msomaji wenu. Yule aliyeupanga kiwandani hajawahi kusubiri bei ya mnada wa ufuta. Nahesabu kushuka, kuanzia kitufe cha kufichwa leo hii hadi kile kinachostahili kukaa karibu kabisa na mkono.

10. Rangi ya maandishi

Kifiche. Ndiyo, hicho chenye herufi A iliyopigiwa mstari mwekundu. Tangazo la mkutano mkuu lenye nyekundu, kijani, buluu na njano ni kanga isiyo na jina: linavutia macho, halisemi kitu. Msomaji aliye juani shambani, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa ili chaji ifike jioni, anahitaji maandishi meusi juu ya weupe. Rangi za tovuti ziamuliwe mara moja kwenye mpangilio wa jumla, kisha mkono usizifikie tena kila siku.

Umekificha? Safi. Usikirudishe wiki ya sikukuu.

9. Orodha ya fonti

Fonti mbili zinatosha. Moja inatosha zaidi. Kila fonti ya ziada inayopakiwa na tovuti ni faili ambalo simu ya msomaji inalipakua kwa bando lake, na hakuna mkulima aliyenunua bando ili aone herufi zako zilizopinda mikia.

8 na 7. Mahali pa kuuweka, na safu ya kuficha

Hizi mbili zinatembea pamoja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteza nusu ya skrini bila kujua.

Laptop nyingi za mtumba zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Ni pana, lakini fupi. Kila safu unayoiweka juu inakula urefu, na urefu ndio tulio nao kidogo. Upau wa chini wa Windows 10 peke yake huchukua pikseli 40. Ongeza vichupo vya kivinjari, ongeza sehemu ya anwani, ongeza safu mbili za vitufe, kisha niambie umebakiza nini cha kuandikia. Pembeni nako? Pembeni kumejaa nafasi iliyokaa bure.

Basi hamishia pembeni kila kinachokubali kuhama. Dreamweaver, tangu toleo la 2017, ina upauzana wa wima upande wa kushoto. Una nukta tatu; zibofye, uchague vitufe vya kubaki na vya kuondoka. LibreOffice, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kuandika hati ya HTML moja kwa moja, inakubali uuburute upauzana kwa mshiko wake hadi ukingo wa kushoto. Ukikuponyoka ukabaki unaelea katikati ya kazi, shikilia Ctrl ubofye mara mbili kwenye nafasi tupu ya upauzana huo, utarudi ukingoni. Halafu ufunge kwa lile chaguo la kufunga mahali pake, maana mtoto wa jirani atakuja kucheza gemu na ataukuta.

Wanaotumia WordPress wana jambo jingine. Tangu toleo la 5.0 lililotoka tarehe 6 Desemba 2018, upauzana wa kila aya huibuka juu ya aya yenyewe na kufunika mstari unaotangulia. Kuna wanaoupenda hivyo. Mimi naona mkono unafanya kazi vizuri ukijua kitufe kinaishi wapi, kwa hiyo fungua nukta tatu za juu kulia na uchague upauzana ukae juu, mahali pamoja. Safu moja juu, nyingine zote pembeni au mafichoni.

Sababu ina umri mkubwa kuliko kompyuta zetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa kuufikisha mkono kwenye shabaha hutegemea umbali wa shabaha hiyo na ukubwa wake. Kitufe kidogo kilicho mbali kinakula muda. Kitufe kilichogusa ukingo wa skrini ni rahisi kukipata, kwa kuwa kishale cha kipanya hakiwezi kupita ukingo. Hata ukisukuma kwa pupa, kinakusubiri palepale. Wanaotumia kipanya cha kugusa kilichochakaa, hii ni zawadi yenu.

Na unapotaka kuandika tu, ficha vyote. Kwenye Dreamweaver ni F4. Kwenye kihariri cha zamani cha WordPress, Shift na Alt na Z huficha au kufunua safu ya pili. Tangu WordPress 6.2 ya mwaka 2023 kuna hali ya kuandika bila bughudha inayosafisha skrini nzima. Ukurasa unabaki na wewe. Andika, ndugu yangu!

6. Uwezo wa kuupanga mwenyewe

Watu wengi hawajui kwamba upauzana si kaburi. Unahama, unapunguzwa, unaongezwa.

FrontPage inastahili heshima hapa. Microsoft iliipata Januari 1996 ilipoinunua kampuni ya Vermeer Technologies, na ikaacha kuiendeleza mwaka 2006, lakini hila yake moja nzuri bado inafanya kazi kwenye mashine za zamani: shikilia Alt, buruta kitufe kutoka safu moja hadi nyingine. Ukikiburuta nje kabisa ya upauzana, kinatoweka. Hakuna dirisha la kufungua wala fomu ya kujaza. Ningependa programu zote za leo ziirudishe hila hiyo.

Kwenye LibreOffice fungua menyu ya Zana, nenda sehemu ya kubinafsisha, uunde upauzana mpya na uupe jina. Uite "Mnada". Uweke mambo yale tu unayoyagusa siku ya mnada: kichwa, jedwali, kiungo, bandika bila mapambo, hifadhi. Vitufe vitano. Ukiutaka unauita, usipoutaka unauficha. Kwenye Dreamweaver unaweza kuhifadhi mpangilio mzima wa eneo la kazi kwa jina lako, na paneli ya kuingiza vitu ina kundi la vipendwa unalolijaza mwenyewe. Kwenye WordPress, ndani ya mapendeleo, unaondoa tiki kwenye vijenzi usivyovitumia, navyo havitakusumbua tena kwenye orodha. Kile unachokihitaji mara moja kwa mwaka usikiondolee tiki; utakiita kwa kuandika mkwaju (/) na jina lake mwanzoni mwa mstari mpya.

Jambo moja la uungwana: kompyuta ya ofisi ya ushirika hutumiwa na watu wengi. Kila mmoja awe na akaunti yake ndani ya tovuti, maana mpangilio hufuata akaunti. Katibu anapenda vitufe vingi? Avipate kwake. Usimvurugie, naye asikuvurugie.

5. Lugha ya vitufe

Namba hii niliitaka iwe juu zaidi, na bado roho inaniuma kuiacha hapa.

Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu, vitufe na maelezo ya Kiswahili. Walimu na wanafunzi wa chuo, wakishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, walikaa wakapitia maelfu ya maneno, kitufe kimoja baada ya kingine, ili Mtanzania aliyesoma kwa Kiswahili asizuiwe mlangoni na lugha. Na programu ile ilikuwa na sehemu ya kutengenezea kurasa za wavuti pia. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita! Watu wale walitutendea wema mkubwa, na inanisikitisha kila ninapoona kijana wa sekondari anabofya kwa kukisia vitufe ambavyo vingeweza kumwambia kwa lugha yake kazi vinayofanya.

Kwa hiyo jaribuni. WordPress, tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016, inamruhusu kila mtumiaji kuchagua lugha yake kwenye wasifu wake bila kubadilisha lugha ya tovuti. Kiswahili kimo. Tafsiri haijakamilika, utakutana na sehemu za Kiingereza zilizobaki, lakini tafsiri hizo hufanywa na watu wa kujitolea, na mlango uko wazi kwa yeyote. Mwalimu wa Kiswahili wa Marambo mwenye jioni moja ya nafasi anaweza kupendekeza neno la kitufe, likikubaliwa likaonekana Mombasa, Bukavu na Muscat. Mwalimu, huo ni ukumbi mkubwa kuliko wa mahafali.

*Mapumziko mafupi.* Kitufe cha kutendua hakina namba kwa sababu hakihitaji nafasi kwenye upauzana. Ctrl na Z, imetosha. Ctrl na S nayo, kila baada ya aya, kabla umeme haujakata shauri kwa niaba yako. Ile picha ya diski kwenye kitufe cha kuhifadhi ni kifaa ambacho mdogo wako wa darasa la saba hajawahi kukiona, na bado anajua kazi yake. Ni alama iliyoishi muda mrefu kuliko mwili wake. Tuendelee.

4. Picha

Hiki kibaki, ila kiwekewe masharti. Picha ya simu ya leo inaweza kuwa na megabaiti nne. Ukiweka tano za ziara ya mgeni rasmi, umemtoza msomaji megabaiti ishirini ili aone watu wamesimama kwenye mstari. Punguza upana hadi pikseli 1200 au chini ya hapo kabla ya kupandisha, na picha hiyohiyo itashuka hadi kilobaiti mia na kitu, na hakuna jicho litakalolalamika.

Halafu jaza lile sanduku la maelezo ya picha. Ndilo linalosomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona, na ndilo linalobaki mtandao unapokuwa dhaifu na picha imekataa kufunguka. "Magunia ya ufuta yakipimwa ghalani" ni maelezo. "IMG_2034" ni jina la faili, na halimsaidii mtu yeyote, hata mama yako aliyemo kwenye picha.

Siku timu ya soka ya Namungo inacheza Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, nakuruhusu picha sita. Hizo tunaelewana.

3. Bandika kama maandishi matupu

Sasa tumefika kwenye nguzo za nyumba. Habari nyingi za tovuti zetu hazizaliwi ndani ya tovuti. Zinatoka kwenye muhtasari wa kikao ulioandikwa kwenye Word, kwenye ujumbe wa WhatsApp, kwenye barua ya ofisi ya ushirika. Unanakili, unabandika, na unaona maandishi yako. Usichokiona ni mzigo ulioingia nayo: fonti ya katibu, ukubwa wa herufi za katibu, nafasi za katibu. Bofya utazame upande wa msimbo wa ukurasa. Ukikuta neno MsoNormal limerudiwa kila mstari, hilo ni vumbi la Word lililobebwa hadi kwako.

Vumbi hilo ndilo linalofanya aya moja iwe kubwa na nyingine ndogo, na mpangilio ukatae kunyooka hata ukibofya kwa hasira. Kuna anayemaliza mchana mzima akirekebisha ukubwa wa herufi, aya kwa aya, wakati tiba ilikuwa kabla ya kubandika. Kwenye kihariri cha zamani cha WordPress, kitufe chake kina ubao wa kunakilia na herufi T, na kimefichwa kwenye safu ya pili, mahali pabaya kabisa kwa kitufe kinachohitajika kila siku. Ctrl, Shift na V hufanya kazi hiyohiyo kwenye Chrome na Firefox. Bandika matupu kwanza, pamba baadaye, na utaona kupamba kwenyewe kumebaki kazi ya dakika chache.

2. Vichwa vya habari

Ile orodha ndogo inayosomeka "Aya" ikifunguliwa ina Kichwa cha 1 hadi cha 6. Iweke ya kwanza kushoto, mbele ya kitufe cha kukoza. Hasa mbele ya kitufe cha kukoza.

Najua unachofanya, mdogo wangu, na wenzako wote wanakifanya: unaandika "BEI ZA WIKI HII", unaikoza, unaikuza hadi ukubwa wa 24, unasema tayari ni kichwa. Kwa jicho, ndiyo. Kwa mashine, ni aya iliyopiga kelele. Mtu asiyeona anayetumia NVDA, ambayo ni programu ya bure ya kusoma skrini, hubonyeza herufi H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kwenye ukurasa wako atabonyeza H na hatafika popote, atalazimika kusikiliza kila neno toka salamu ya mwenyekiti. Injini za utafutaji nazo hutumia vichwa kuelewa ukurasa unahusu nini.

Njia za mkato ni nyepesi. Dreamweaver: Ctrl na 2 hufanya Kichwa cha 2. WordPress mpya: andika alama mbili za reli ## kisha acha nafasi. Kichwa cha 1 kiachiwe jina la ukurasa. Kichwa cha 2, "Mnada wa ufuta". Kichwa cha 3, jina la ghala. Ukifika hapo ukurasa umejipanga wenyewe.

Na kiungo kikae jirani yake, Ctrl na K. Kiungo kiseme kinaenda wapi. "Bofya hapa" kumi kwenye ukurasa mmoja ni milango kumi isiyo na kibao.

1. Kitufe cha kuhakiki kwenye simu

Hiki ndicho. Kiko kulia juu kwenye WordPress, kimekaa kimya na picha ndogo ya skrini, na kinakupa chaguo la kuona ukurasa kama utakavyoonekana kwenye kompyuta, tableti au simu. Ukiwa kwenye Chrome, bonyeza F12 kisha Ctrl, Shift na M: utaletewa upauzana wa kifaa, unaoweka upana wa simu na hata kuupunguza mtandao kwa makusudi ili uone ukurasa unavyofunguka mahali penye mtandao wa kubahatisha. Ijaribu tovuti yako hivyo, na uvumilie utakachokiona.

Utakachokiona kwanza ni kwamba menyu yako nzuri imetoweka na kuwa mistari mitatu midogo. Alama ile aliichora Norm Cox mwaka 1981 kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, na leo imo kwenye karibu kila simu. Ni alama nzuri, lakini yaliyo nyuma yake hayaonekani mpaka mtu aguse. Machi 2017 tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 zilizinduliwa kwa pamoja, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, zote zikifuata mpangilio mmoja: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Fursa za Uwekezaji, Huduma Zetu, na kuendelea. Mfanano huo ni jambo jema sana; ukijua kutafuta tangazo la zabuni kwenye tovuti moja, umejua zote. Lakini ukurasa wenu mdogo wa AMCOS hauna haja ya kuiga menyu ya halmashauri nzima. Mkulima aliyepeleka mzigo wake ghalani kupitia RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hafungui simu kusoma historia ya ofisi. Anataka bei, ili mnunuzi wa kangomba, yule wa nje ya mnada, asije kumdanganya mlangoni kwake. Bei ikae juu ya menyu, juu ya picha, juu ya salamu za mwenyekiti, na mwenyekiti atatusamehe.

Kisha tazama jedwali. Kwenye kompyuta lilikuwa na safu saba zilizonyooka. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 360 limekatwa katikati, na safu iliyokatwa ni ile ya bei. Punguza. Acha tarehe ya mnada kwenye kichwa cha jedwali, ubakize safu tatu: ghala, bei ya juu, bei ya chini. Kilo zilizouzwa, majina ya kampuni na makato yapeleke kwenye faili la PDF lenye kiungo chini, na uandike ukubwa wake pembeni ili mtu ajue anapakua nini. Hakiki tena kwenye simu. Kama bei ya juu na ya chini zinasomeka bila kusogeza skrini pembeni, chapisha.